Uso wa Cézanne kwenye karatasi yenye madoa: nimeshika nini?

"Habari mwalimu. Mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Lubumbashi, na sasa naishi Brussels. Marehemu mume wangu alipenda kuzunguka soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle. Siku moja alirudi na picha ndogo yenye fremu: mwanamume mwenye ndevu nyingi, kofia na koti zito, amechorwa kwa mistari myeusi tu. Nyuma ya fremu kuna kikaratasi kilichopigwa taipu: 'C. Pissarro, Paul Cézanne, 1874'. Chini ya picha, pembeni, kuna kimuhuri kidogo cha herufi C.P. Sahihi ya mkono sijaiona. Mwanangu alitafuta kwenye intaneti akakuta picha hiyohiyo kwenye makumbusho zaidi ya moja, akasema basi yetu ni nakala, haina maana. Jirani anasema ni picha ya kitabuni iliyokatwa. Lakini juzi mtu mmoja alitaka kuinunua papo hapo, nikaingiwa na hofu. Karatasi ina madoa ya kahawia, na nimeambiwa yanaweza kuondolewa kwa javeli iliyozimuliwa sana. Naomba unieleze nina nini mkononi. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe cha asili sehemu nyingi? Na je, niisafishe?"

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mwenzako, na ahsante kwa kueleza kila ulichokiona badala ya kuniuliza bei peke yake. Lakini kabla ya yote, hiyo javeli iache kabatini. Javeli, ambayo huku kwetu tunaiita jiki, haijui tofauti ya doa na karatasi. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikana, na klorini huzikatakata. Siku ya kwanza utafurahi kwa sababu itang'aa. Mabaki yake hayaishi kwa kusuuza kwenye sinki. Yataendelea kuila karatasi kimyakimya, na baada ya miaka kadhaa itageuka njano na kuvunjika kama biskuti. Niliwahi kuletewa chapa iliyosafishwa hivyo na mtu aliyeipenda kwa dhati. Nilipoiinua, kona yake ilibaki mezani. Madoa yako huenda yamekaa hapo miaka mingi, yanaweza kungoja miezi michache zaidi.

Sasa tuje kwenye hilo neno "nakala", maana naona ndilo lililokunyima raha. Mwanao amewaza kama tunavyowaza wengi: picha ya msanii ni moja, ikishakuwa makumbusho, nyingine zote zimeigwa. Kwa picha ya rangi za mafuta hoja hiyo ni sahihi. Kwa chapa haisimami. Ulichonieleza, kama ndicho, ni chapa ya tindikali. Wafaransa huiita eau-forte, maana yake maji makali, na hayo maji ni asidi. Katika sanaa hii msanii hachori juu ya karatasi hata kidogo. Huchora juu ya bamba la shaba au zinki, na karatasi huja baadaye. Bamba lenyewe si picha bado. Picha huzaliwa pale karatasi inapobanwa juu ya bamba lenye wino, na kila karatasi iliyobanwa hivyo ni mtoto wa bamba lile. Watoto wa mama mmoja huwezi kuwapanga ukasema huyu ndiye mtu na hawa ni nakala zake. Wanafanana, ila aliyezaliwa wa kwanza na aliyezaliwa wa mwisho hawakukuta mama wa umri mmoja, na tofauti hiyo ndiyo tutakayoitafuta kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo swali la "asili au nakala" tuliweke kando. Maswali yenye majibu ni haya: je, karatasi hii ililigusa bamba la Pissarro, mchoraji ambaye kikaratasi chako kinasema alimchora mchoraji mwenzake Cézanne? Kama ililigusa, ni lini, na nani aliyeshika mpini wa mashine?

Nikueleze kazi inavyofanyika, kwa sababu ukiijua utaweza kuiangalia picha yako kwa macho mengine kabisa. Kama umewahi kuona batiki ikitengenezwa, nusu ya somo unalo tayari. Fundi wa batiki hupaka nta mahali ambapo hataki rangi iingie, kisha huzamisha kitambaa. Rangi huingia pasipo na nta. Mchoraji wa chapa ya tindikali hufanya jambo la ukoo huohuo kwenye chuma. Hulifunika bamba zima kwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na utomvu na lami, mara nyingi akalifukiza kwa moshi mpaka liwe jeusi ili aone anachofanya. Halafu huchukua sindano na kuchora. Sindano haikwangui chuma, inaondoa nta tu, na shaba hung'aa chini yake kama uzi wa dhahabu kwenye giza. Hapo ndipo mkono unapokuwa huru. Mchongaji wa nakshi anayepambana na chuma kwa patasi lazima atumie nguvu, na mistari yake huwa na nidhamu ya nguvu hiyo. Anayechora kwenye nta huenda kwa wepesi wa kalamu kwenye daftari. Ndiyo maana wachoraji wa rangi, watu ambao hawakusomea uchapaji, waliweza kuijaribu.

Baada ya kuchora, bamba huzamishwa kwenye asidi, mara nyingi ile ya nitriki. Asidi hula shaba mahali palipofunguliwa na sindano, na kadiri inavyokaa ndivyo kijifereji kinavyozama. Msanii akitaka mistari ya uso ibaki hafifu na ya koti iwe mizito, hulitoa bamba, huifunika kwa vanishi ile mistari iliyokwisha kutosha, kisha hulirudisha ili mingine iendelee kuliwa. Weusi wa mstari kwa hiyo hautokani na mkono kubonyeza. Unatokana na muda. Ukiitazama chapa yako ukaona sehemu moja mistari ni kama unywele na kwingine ni mizito, hizo ni dakika unazozitazama.

Kisha nta husafishwa, wino mzito husukumwa mpaka uingie ndani ya vijifereji, na juu ya bamba hupanguswa kwa shashi iliyotiwa wanga, pengine na kiganja cha mkono mwishoni. Juu panabaki pasafi, wino umelala chini. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu, blanketi za sufu juu yake, na vyote hupitishwa kati ya magogo mawili ya chuma kwa shinikizo kubwa. Karatasi laini husukumwa mpaka ndani ya mifereji na kuuchota wino. Inapobanduliwa, picha imegeuka, kama maandishi ya muhuri wa ofisi: upande anaoutazama Cézanne kwenye karatasi yako si upande aliotazama kwenye shaba. Na ukingo wa bamba umeacha mbonyeo wa mstatili pande zote za picha. Mbonyeo huo tutaurudia.

Nimeyasema haya kirefu kwa sababu wapo wanaodhani kuchapa ni kazi ya mashine na msanii hana mkono ndani yake. Pissarro alikuwa na mkono kila mahali. Alichora zaidi ya mabamba 120 ya namna hii maishani mwake, akabadilisha mengi hatua kwa hatua, akichapa karatasi moja mbili, akilirudisha bamba kwenye asidi, akichapa tena. Hatua hizo ndizo wataalamu wanazozihesabu. Mwaka 1879 na 1880 alishirikiana na wachoraji wenzake Edgar Degas na Mary Cassatt kuandaa jarida la chapa liitwalo Le Jour et la Nuit, ambalo halikutoka kamwe, na baadhi ya mabamba ya Pissarro yalichapwa na Degas kwa mkono wake. Wino uliopanguswa na Degas na ule uliopanguswa na Pissarro kwenye bamba moja huleta karatasi mbili zenye hali ya hewa tofauti.

Na huyo mwenye ndevu ni nani kwa mchoraji? Hapa naomba univumilie, maana bila habari hii utabaki na kitu cha kuuliza bei tu.

Camille Pissarro alizaliwa 1830 katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, wakati huo koloni la Denmark. Paul Cézanne alizaliwa 1839 Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1872 Cézanne alihamia Pontoise, mji mdogo kaskazini magharibi mwa Paris alikoishi Pissarro, akiwa na mwenzake Hortense Fiquet na mtoto wao mchanga. Alikuwa na zaidi ya miaka 30, hajauza kitu cha maana, na picha zake zilikuwa za giza, rangi zimerundikwa kwa hasira. Pissarro alimtoa nje, akamkalisha mbele ya barabara, nyumba na miti, akamfundisha kupunguza weusi na kuweka rangi kidogokidogo. Cézanne aliazima picha ya Pissarro ya kijiji cha Louveciennes akainakili yote, jinsi mwanafunzi anavyonakili ubao. Hakuona haya, wala hakusahau. Uzeeni, alipokwisha kuwa mtu ambaye vijana walimtafuta, alijiandikisha kwenye maonyesho ya mji wake wa Aix kama mwanafunzi wa Pissarro.

Karibu na Pontoise kuna Auvers-sur-Oise, na huko daktari mmoja, Paul Gachet, alinunua nyumba 1872 na kuweka ndani yake mashine ya kuchapia. Gachet alikuwa tabibu aliyependa wachoraji kuliko wachoraji walivyopenda kutibiwa. Mwenyewe alichora pia, na kazi zake alizisaini P. van Ryssel. Wewe uliye Brussels utalitambua jina hilo: Rijsel ni Lille kwa Kiflamandi, na Lille ndiko alikozaliwa. Mwaka 1873 Cézanne, Pissarro na rafiki yao Armand Guillaumin walikuwa wakijaribu chapa za tindikali pamoja naye. Cézanne alichora mabamba machache tu, kisha akaiacha sanaa hiyo. Moja linamwonyesha Guillaumin ameketi, na kwenye kona ameweka kijitu kinachoning'inia kwenye mti wa kunyongea. Miaka 17 baadaye, kwenye nyumba hiyohiyo, Vincent van Gogh alichora chapa yake ya tindikali ya pekee maishani, nayo ni picha ya daktari Gachet na kiko chake.

Kwa hiyo uso ulio ukutani kwako ulichorwa katika mduara huo, mwaka 1874, Pissarro akiwa na miaka 44 au akiikaribia na Cézanne 35. Ulikuwa mwaka mgumu. Aprili Pissarro alimzika binti yake Jeanne, mtoto wa miaka tisa. Siku chache baadaye, tarehe 15 Aprili, yalifunguliwa Paris maonyesho ya kwanza ya kundi la wachoraji ambalo magazeti yangeliita Waimpreshonisti, kwenye studio ya zamani ya mpiga picha Nadar. Pissarro alikuwa mmoja wa waliolisimamisha kundi hilo, na ndiye pekee aliyeshiriki maonyesho yao yote manane mpaka 1886. Cézanne alipeleka picha tatu, akachekwa.

Mwaka huohuo Pissarro alimchora Cézanne pia kwa rangi za mafuta, na mavazi ni yaleyale ya baridi, kofia na koti zito. Kwenye picha ya mafuta ukuta wa nyuma umejaa: katuni ya mwanasiasa Thiers kutoka gazetini upande mmoja, katuni ya mchoraji Courbet upande wa pili, na chini mandhari ndogo ya Pissarro mwenyewe. Kwenye bamba hayo yote ameyaacha. Amebaki mtu. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili, nachukua ya bamba. Ile ya mafuta ina hoja, inatangaza kwamba huyu ni mrithi wa Courbet. Hii ya tindikali haitangazi kitu. Inamtazama rafiki aliyenyamaza, kwa subira ya mtu anayemfahamu, na haijaribu kumpendezesha. Cézanne naye alimchora Pissarro kwa penseli zaidi ya mara moja. Walikuwa wakitazamana.

Hakuna mchapishaji aliyeomba bamba hilo wala mnunuzi aliyelingojea. Chapa za wakati ule zilikuwa chache sana, na hilo linatuleta kwenye kimuhuri chako.

Pissarro alipokuwa hai, karatasi alizozikubali mara nyingi aliziandika kwa penseli chini ya picha: jina lake, namba ya hatua au idadi, na wakati mwingine maneno épreuve d'artiste, yaani chapa ya msanii mwenyewe. Alifariki Paris Novemba 1903. Familia ilibaki na mabamba mengi, na katika miongo iliyofuata, hasa miaka ya 1920, mengi yalichapwa upya kwa idadi yenye mipaka. Mwenye mkono hakuwepo kutia sahihi, kwa hiyo karatasi hizo zilipigwa muhuri wa herufi za jina lake, C.P., na mara nyingi zikawekwa namba kwa penseli. Bamba la Cézanne lilikuwa miongoni mwa yaliyochapwa tena.

Kimuhuri chako, basi, kama ni cha kweli, kinasema jambo la wazi: karatasi hii ililigusa bamba la Pissarro, lakini baada ya Pissarro kufa. Mwaka 1874 ulioandikwa nyuma ya fremu ni mwaka wa bamba, si mwaka wa karatasi. Je, hiyo ni "feki"? Hapana. Kila mstari unaouona ulipita mkononi mwake. Kilichokosekana ni kupangusa kwake wino, kuchagua kwake karatasi, na ubichi wa bamba. Shaba huchoka. Kila linapopanguswa na kubanwa, kingo za vijifereji hulika kidogo, na mistari myembamba ndiyo hutangulia kufifia. Kuna njia ya kulipaka bamba ngozi nyembamba ya chuma kigumu ili lidumu, na wachapishaji waliitumia sana, lakini aliyezoea kutazama huona mstari umekuwa baridi kidogo. Chapa za baada ya kifo kwa hiyo huthaminiwa chini ya zile za uhai wake, chini sana. Huo ndio ukweli na sitaki usikie kwanza kutoka kwa mnunuzi. Ila kati ya "chini sana" na "haina maana" kuna nafasi kubwa, na mwanao ameiruka yote.

Uwezekano wa pili lazima niuseme pia. Jirani yako huenda amepatia. Uso huu umechapishwa vitabuni mara nyingi, na muhuri wa herufi mbili si kitu kigumu kughushi. Hatuwezi kuutegemea peke yake. Lazima karatasi iseme.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kama wanazotumia masonara. Kwa sasa usiitoe picha kwenye fremu; angalia kupitia kioo kwanza. Weka jicho kwenye mstari mmoja, mahali popote kwenye koti. Ukiona mstari umeundwa na vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kama picha ya gazeti, safari imeishia hapo: ni picha ya kitabuni, jirani amepata. Ukiona mstari mzima, mweusi, wenye kingo zilizotetereka kidogo kwa sababu asidi haikati kama wembe, endelea. Zima taa ya juu, washa tochi pembeni ili mwanga utambae juu ya karatasi. Wino wa chapa ya tindikali haulali bapa. Umechotwa kutoka mferejini, kwa hiyo husimama juu ya karatasi kama uzi mwembamba uliodariziwa. Mwanga wa pembeni huufanya uwe na kivuli.

Halafu tafuta ule mbonyeo wa bamba. Unapaswa kuwa mstatili unaoizunguka picha, takriban sentimita 27 kwa 21, na karatasi iliyo ndani yake huwa imelala laini kuliko ya nje. Pima kwa rula juu ya kioo. Tofauti ya milimita chache isikutishe, maana karatasi iliyoloweshwa hunywea ikikauka. Lakini ukipata picha yenye upana wa kiganja, au kubwa kupita hapo kwa sentimita kadhaa, basi hiyo haikutoka kwenye bamba hili. Inawezekana pia mbonyeo umefichwa na kadibodi iliyozunguka picha ndani ya fremu. Hilo ni la kawaida na si ishara mbaya.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi, hata wenye uzoefu. Tangu karne ya 19 kulikuwa na njia ya kuhamisha picha ya kamera kwenye bamba la shaba na kulila kwa asidi, kisha kuchapa kwa mashine ileile. Wafaransa huiita héliogravure. Chapa ya namna hiyo ina mbonyeo, ina wino ulioinuka, haina vitone vya gazeti, na bado mkono wa msanii haukuligusa bamba lake. Kuitofautisha na chapa yako inahitaji kuilaza karibu na iliyothibitishwa na kulinganisha mstari kwa mstari. Lenzi yako inaweza kukuambia hapana. Ndiyo ya uhakika haiwezi kukupa.

Pia angalia kama kuna mistari mirefu iliyokatiza uso mzima, isiyohusiana na mchoro. Mabamba ya wasanii kadhaa yalikwaruzwa makusudi ili yasichapwe tena kama kawaida, kisha yakachapwa hivyohivyo na mikwaruzo yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabamba ya Degas, yakiwemo yale aliyomchora mchoraji mwenzake Manet ameketi. Ukiiona kwenye yako, iandike.

Tukirudi kwenye madoa. Husababishwa na unyevu, ukungu, na chembe ndogo za chuma zilizobaki ndani ya karatasi tangu kiwandani. Kadibodi mbaya na mbao za fremu nazo hutoa tindikali polepole na kuichoma karatasi kahawia, hasa kwenye ukingo wa dirisha la kadibodi. Kwa hiyo kitu bora unachoweza kufanya wiki hii hakihusu kusafisha. Iondoe picha kwenye ukuta wa jikoni au wa bafu kama ipo huko, au juu ya kipasha joto, au mbele ya dirisha lenye jua. Iweke ikiwa imelala, chumba kikavu, mbali na mwanga mkali. Usiipige pasi. Usiibandue kama imegundishwa nyuma. Usikate pambizo ili iingie kwenye fremu mpya, maana pambizo ndiyo iliyobeba muhuri, namba na mbonyeo, na chapa iliyokatwa hupoteza thamani hata kama uso ni safi. Na kile kikaratasi cha taipu nyuma ya fremu usikitupe fremu ikibadilishwa. Ni ushahidi wa ilikopita.

Unahitaji sasa mtu wa kuishika kwa mikono. Una bahati ya mahali. Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji, KBR, iko hapohapo Brussels na ina hazina kubwa ya chapa. Waandikie, eleza kwa unyenyekevu unachokitafuta, uliza kama inawezekana kuonana na mtaalamu wao na kuangalia orodha ya Loys Delteil. Delteil aliziorodhesha chapa za Pissarro, na juzuu yake ilitoka 1923. Picha yako humo ni namba 13. Usitarajie maktaba au makumbusho yakutajie bei, kwa kawaida hawafanyi hivyo. Bei ulizia kwenye nyumba za mnada zenye idara ya chapa, nazo nyingi hutoa makadirio bila malipo. Nenda kwa mbili, si moja. Yule aliyetaka kuinunua papo hapo mwambie kwa adabu kwamba bado unaichunguza. Akiwa mnunuzi mwema atangoja. Usimwachie aende nayo "kuiangalia", na usimruhusu aifungue fremu mezani kwako.

Kwa madoa, tafuta mhifadhi wa kazi za karatasi, si fundi wa fremu. Anaweza kuiosha kwa maji yaliyopimwa, kuondoa tindikali, na kupunguza madoa bila kuiua karatasi. Kazi hiyo ina gharama, na hapa nikushauri kama dada: usilipie kabla ya kujua una nini. Ikithibitika ni chapa ya bamba lenyewe, kuihifadhi kuna maana. Ikiwa ni picha ya kitabuni, badilisha tu kadibodi kwa isiyo na asidi, gharama ndogo, na uitundike pale mumeo alipoitundika. Ukungu peke yake haungoji: ukiona madoa yana manyoya, yanaongezeka, au fremu inanuka uvundo, ifunge kwenye karatasi safi, itenge na vitu vingine, na umwone mhifadhi ndani ya siku chache.

Kuuza au kubaki nayo, hilo ni lako na wanao. Niseme tu kwamba chapa ya baada ya kifo, yenye madoa, haitakubadilishia maisha, na mtu akikuahidi vinginevyo jihadhari naye kama unavyojihadhari na anayekutajia kidogo mno.

Lenzi ukishaipata, mwite mwanao. Muanze na kofia, pale ukingo wake unapokutana na karatasi tupu, tochi ikiwa pembeni. Mwache aangalie yeye kwanza, na umuulize kama wino una kivuli.